Kusimamia na Kulinda Seva ya PostgreSQL

Hifadhidata ya kimahusiano huweka taarifa katika majedwali yanayounganishwa kwa funguo: jedwali la wanachama, la mikopo, la marejesho, kila mstari ukijulikana kwa namba yake. Muundo huo ulielezwa na Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970, na hadi leo ndio unaobeba hesabu za benki, kumbukumbu za wagonjwa, matokeo ya wanafunzi na stoo za maduka ya dawa. Chama cha akiba na mikopo kikiibiwa kompyuta zake zote kwa usiku mmoja, kinaweza kununua nyingine. Kikipoteza majedwali, hakijui tena nani anadai na nani anadaiwa.

Mwongozo huu unahusu PostgreSQL iliyosimikwa kwenye Linux ya Ubuntu au Debian, kwa sababu haina gharama ya leseni na mtu mmoja anaweza kuimudu kwenye ofisi ndogo. Misingi yake haibadiliki kwa MySQL na MariaDB, ingawa amri zina majina mengine. Mpangilio unafuata uzito wa hasara: kwanza kinachookoa taarifa baada ya janga, kisha kinachomzuia mgeni, halafu utunzaji wa kawaida. Msimamizi mwenye muda wa sehemu moja tu aanze na nakala rudufu.

Nakala rudufu

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alikuwa akihangaika na seva ya akiba iliyobaki nyuma ya seva kuu. Akafuta saraka ya data akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu. GB 300 hivi zikatoweka. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuweka nakala, lakini zilipohitajika, moja baada ya nyingine zikaonekana hazifai. Nakala za kila siku za pg_dump hazikuwapo kabisa: programu iliyotumika ilikuwa ya toleo 9.2 wakati seva ilikuwa 9.6, hivyo ilishindwa kila ilipoitwa. Barua pepe za onyo zilitumwa, ila zilikataliwa na mfumo wa barua kwa kukosa uthibitisho, na hakuna aliyeziona. Kilichowaokoa ni picha ya diski iliyokuwa imechukuliwa kwa mkono saa 6 hivi kabla ya tukio, kwa kazi nyingine. Mabadiliko yote ya saa hizo sita kwenye hifadhidata yalipotea.

Kampuni yenyewe ilieleza haya hadharani. Tatizo halikuwa kidole kilichobonyeza amri mbaya, kwa maana vidole hukosea kila mahali. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa na desturi ya kurejesha nakala ili kuona kama zipo.

Hatua za kufuata:

1. Toa nakala kila usiku kwa kutumia cron au kipima muda cha systemd (katika mifano hii hifadhidata inaitwa `ushirika`):

   `pg_dump -Fc -f /nakala/ushirika.dump ushirika`

   Umbo la `-Fc` hubana faili na huruhusu kurejesha jedwali moja pekee. Kila faili liwekewe tarehe kwenye jina lake, lisije likafuta la jana.

2. Toa pia orodha ya watumiaji na ruhusa zao, kwa kuwa pg_dump haibebi watumiaji wala nywila:

   `pg_dumpall --globals-only > /nakala/watumiaji.sql`

3. Simba mafaili hayo kwa gpg kabla hayajatoka kwenye seva. Ufunguo wa kuyafungua ukae mahali pengine, mikononi mwa watu wawili wanaoaminiwa na ofisi.

4. Hamishia nakala kwenye mashine nyingine, na angalau moja kwenye jengo jingine. Kanuni inayotumiwa na wengi ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Moto na mafuriko havichagui chumba cha seva na kuacha kabati la jirani.

5. Panga mashine ya nakala ndiyo ije kuchukua, isiwe seva inayosukuma. Mvamizi akiishika seva yenye ruhusa ya kuandika kwenye hazina ya nakala, atazifuta nakala kwanza ndipo adai fidia.

6. Mara moja kwa mwezi, fungua nakala kwa gpg, kisha irejeshe kwenye mashine ya majaribio:

   `createdb jaribio`
   `pg_restore -d jaribio /nakala/ushirika.dump`

   Hesabu mistari ya majedwali makubwa, tazama muamala wa mwisho ni wa tarehe gani, kisha andika urejeshaji ulichukua muda gani. Muda huo ndio jibu la kumpa meneja atakapouliza, siku ya janga, kazi itaanza tena lini.

Pg_dump inayotumika isiwe ya toleo la zamani kuliko seva. Na mfumo wa onyo usitegemee ujumbe wa kushindwa peke yake. Ni salama zaidi kutuma ujumbe wa kufaulu kila asubuhi wenye ukubwa wa faili na tarehe yake, kwa sababu ujumbe uliozoeleka ukikosekana mtu huuliza.

> ANGALIZO: visivyo nakala rudufu
>
> *Seva ya akiba.* Jedwali likifutwa kwenye seva kuu, hufutika na kwenye ya akiba ndani ya sekunde.
>
> *Diski mbili zinazoakisiana.* Hulinda dhidi ya diski kufa, basi.
>
> *Kunakili saraka ya data kwa `cp` huku seva ikifanya kazi.* Mafaili hunakiliwa kwa nyakati tofauti, na matokeo yake huenda yasiwake kabisa.

Nakala ya usiku ina upungufu mmoja: seva ikifa saa kumi jioni, kazi ya mchana kutwa imekwenda. Duka dogo linaweza kuandika upya risiti zake, lakini taasisi inayopokea malipo ya simu kila dakika haiwezi. Dawa yake ni kuhifadhi WAL. Kabla ya kubadilisha majedwali yenyewe, PostgreSQL huandika kila badiliko kwenye WAL, kama karani anayeandika kila shilingi kwenye daftari la mapokezi kabla ya kuihamishia kwenye leja. Msimamizi akichukua nakala kamili kwa `pg_basebackup` na kuhifadhi mafaili ya WAL yanayofuata kupitia `archive_command`, anaweza kuirudisha hifadhidata katika dakika anayoitaka, ikiwemo ile iliyotangulia amri ya kufuta. Kazi hii ina vipengele vingi, na programu kama pgBackRest au Barman huibeba vizuri kuliko skripti ya kujitungia.

Kufunga mlango wa mtandao

PostgreSQL husikiliza kwenye mlango namba 5432, MySQL kwenye 3306. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga milango hiyo. Zikikuta umefunguka kwa nywila dhaifu, majedwali huchukuliwa au hufutwa, na mahali pake huachwa ujumbe wa kudai pesa. Mara nyingi anayelipa hapati kitu, kwa sababu aliyefuta hakuweka nakala yoyote. Kubadilisha namba ya mlango hakusaidii sana, maana programu hizo hugonga milango yote.

PostgreSQL ikisimikwa, husikiliza ndani ya mashine yake tu, na kwa programu inayoishi kwenye seva hiyo hiyo, hali hiyo isiguswe. Kosa huanza pale mtu wa programu anaposhindwa kuunganisha kutoka kompyuta nyingine, naye msimamizi akaweka `listen_addresses = '*'` na kufungua kila kitu ili kazi iende. Lugha ya siku hiyo huwa "tutarekebisha baadaye".

1. Tazama seva inasikiliza wapi kwa amri `ss -ltn`. Mstari wenye `0.0.0.0:5432` au `[::]:5432` maana yake mlango uko wazi kwa kila anwani ya mashine.

2. Kama seva ya programu iko mashine nyingine, taja kwenye postgresql.conf anwani ya mtandao wa ndani pekee:

   `listen_addresses = 'localhost, 10.0.0.5'`

   Badiliko hili linahitaji kuwasha upya PostgreSQL.

3. Ruhusu kwenye ukuta-moto mashine inayohusika tu. Anza na SSH, la sivyo msimamizi atajifungia nje:

   `ufw allow OpenSSH`
   `ufw allow from 10.0.0.12 to any port 5432 proto tcp`
   `ufw enable`

4. Hariri pg_hba.conf, faili linaloamua nani aingie, kutoka wapi, kwenye hifadhidata ipi:

   `hostssl ushirika programu_mikopo 10.0.0.12/32 scram-sha-256`

5. Soma upya mipangilio kwa `SELECT pg_reload_conf();`, kisha hakiki kwa `SELECT * FROM pg_hba_file_rules;`, ambayo huonyesha mistari yenye makosa.

Faili la pg_hba.conf husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaotumika. Mstari mpana ukikaa juu, mistari mikali iliyo chini yake haifanyi kazi yoyote. Neno la kutafutwa na kuondolewa ni `trust` kwenye mistari ya `host`: humwingiza mtu bila kuulizwa nywila. Neno `md5` nalo ni la zamani. Njia ya SCRAM imekuwapo tangu toleo la 10 na ndiyo ya kawaida tangu toleo la 14. Nywila iliyohifadhiwa kwa md5 haigeuki yenyewe, hivyo kila mtumiaji apewe nywila mpya baada ya mpangilio wa `password_encryption` kubadilishwa.

Wanaotumia Docker wana hatari yao. Mlango uliochapishwa kwa `-p 5432:5432` huruka sheria za ufw, kwa hiyo msimamizi huona ukuta-moto umefunga huku dunia nzima inaingia. Andika `-p 127.0.0.1:5432:5432`, au usichapishe mlango kabisa ikiwa programu iko kwenye mtandao huo huo wa Docker. Msimamizi anayefanya kazi akiwa nyumbani apite kwenye VPN au njia ya SSH.

Watumiaji na ruhusa

Mtumiaji aitwaye postgres anaweza kufanya lolote, hata kusoma mafaili ya seva na kuendesha programu nje ya hifadhidata. Programu ya ofisi haipaswi kuingia kwa jina hilo. Kila programu iwe na mtumiaji wake, na kila binadamu awe na wake, kwa kuwa nywila moja inayotumiwa na watu watano huondoa uwezekano wa kujua nani alifanya nini.

`CREATE ROLE programu_mikopo LOGIN;`
`REVOKE CONNECT ON DATABASE ushirika FROM PUBLIC;`
`GRANT CONNECT ON DATABASE ushirika TO programu_mikopo;`
`REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC;`
`GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON ALL TABLES IN SCHEMA public TO programu_mikopo;`
`GRANT USAGE ON ALL SEQUENCES IN SCHEMA public TO programu_mikopo;`

Nywila iwekwe kwa amri ya psql `\password programu_mikopo`, isiandikwe ndani ya SQL, maana amri huweza kubaki kwenye historia na kwenye logi. Mstari wa nne hauhitajiki kwenye hifadhidata iliyoundwa upya katika toleo la 15 au la baadaye. Iliyohamishwa kutoka toleo la nyuma inaweza kuwa bado imeachia mwanya huo. `DELETE` haimo kwenye orodha kwa makusudi: programu ya mikopo haina sababu ya kufuta muamala, bali huandika muamala wa kusahihisha. Majedwali yatakayoundwa baadaye hayaguswi na amri hizi, na ndiyo maana `ALTER DEFAULT PRIVILEGES` ipo. Mfanyakazi wa takwimu apewe mtumiaji wa kusoma tu. Kuanzia toleo la 14, `GRANT pg_read_all_data` inatosha kwa kusoma, ila naye apewe `GRANT CONNECT` kama ilivyo hapo juu.

Mtumishi anapoondoka kazini, kumfuta mtumiaji wake mara moja hushindikana ikiwa anamiliki majedwali. Njia sahihi ni `ALTER ROLE ... NOLOGIN`, kukata miunganiko aliyoiacha wazi kwa `pg_terminate_backend`, na baadaye kuhamisha mali zake kwa `REASSIGN OWNED`. Kazi hii ifanyike siku anayokabidhi ofisi, si mwisho wa robo mwaka.

Ruhusa finyu huonyesha thamani yake pale programu yenyewe inapokuwa na tundu. Mwaka 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza ilivamiwa kwa mbinu ya kuchomeka amri za SQL kupitia kurasa za zamani za wavuti, na taarifa za wateja karibu 157,000 zikachukuliwa. Mdhibiti aliitoza faini ya pauni 400,000. Kinga ya kwanza dhidi ya mbinu hiyo iko mikononi mwa waandika programu, ambao hawapaswi kuunga maneno ya mteja moja kwa moja ndani ya amri, bali wayapitishe kama vigezo. Mtumiaji mwenye ruhusa chache ni kinga ya pili: anayepenya hukuta chumba kimoja, hakuti nyumba nzima.

Masasisho

Tarehe 25 Januari 2003 kirusi kiitwacho Slammer kilizishika seva nyingi za Microsoft SQL Server zilizokuwa wazi kwenye intaneti ndani ya dakika 10 hivi, na intaneti ya Korea Kusini ikazorota vibaya. Marekebisho ya tundu kilichopitia yalikuwa yametolewa Julai 2002, miezi sita kabla.

PostgreSQL hutoa masasisho madogo angalau kila miezi mitatu: Februari, Mei, Agosti na Novemba. Haya hayabadilishi umbo la data, na huhitaji `apt update`, `apt upgrade` na seva kuwaka upya kwa muda mfupi. Toleo kubwa, kwa mfano kutoka 14 kwenda 17, ni jambo jingine: linahitaji `pg_upgrade` au kutoa na kurejesha nakala, na lifanyiwe majaribio kwanza. Kila toleo kubwa huhudumiwa kwa miaka 5, kisha huachwa. Kubaki kwenye toleo lililoachwa kwa hoja kwamba "linafanya kazi" ni kuishi na matundu yanayojulikana ambayo hakuna atakayeyaziba.

Umeme, diski na kasi

Umeme ukikatika ghafla, PostgreSQL inapowaka husoma WAL na kurudi katika hali sahihi, mradi diski iliandika kweli ilichodai kuandika. Kwa hiyo `fsync = off`, ushauri unaotolewa mara nyingi kwa wanaotafuta kasi, usifuatwe kwenye seva yenye taarifa za watu: kukatika kwa umeme kumoja kunaweza kuharibu hifadhidata yote. UPS inayozima seva kwa utaratibu ina faida kubwa kuliko RAM ya ziada.

Diski ikijaa, seva husimama. Anayeona saraka ya pg_wal imevimba asifute faili hata moja kwa mkono, kwani kufanya hivyo huiangamiza hifadhidata. Zamani saraka hiyo iliitwa pg_xlog, na watu waliifuta wakidhani ni logi za kawaida. Jina likabadilishwa katika toleo la 10. Kitafutwe chanzo: `archive_command` inayoshindwa, au nafasi ya seva ya akiba iliyoachwa, inayoonekana kwenye `pg_replication_slots`.

Kuhusu kasi, makosa ya kawaida ni machache. Kuzima autovacuum ndilo kubwa: ndiyo inayosafisha mistari iliyokufa na kuzuia namba za miamala zisizunguke. Muunganiko uliofungua muamala ukasahaulika huizuia isafishe, na hukatwa kwa kuweka `idle_in_transaction_session_timeout`. `shared_buffers` huanza na MB 128, kiasi kidogo kwa seva ya leo. Robo ya RAM ni mwanzo mzuri. Miunganiko ikigota kwenye 100 ya kawaida, PgBouncer ni tiba bora kuliko kuongeza namba. Amri zinazochelewa huonekana kwa kuweka `log_min_duration_statement = 500`, ambayo huandika kwenye logi kila amri iliyozidi nusu sekunde, na mara nyingi kinachokosekana ni faharasa moja. Iundwe kwa `CREATE INDEX CONCURRENTLY` ili watu waendelee kuandika.

Orodha ya ukaguzi

☐ Kila asubuhi: nakala ya usiku ipo, ina ukubwa wa kawaida.
☐ Kila asubuhi: diski ina nafasi isiyopungua robo.
☐ Kila wiki: logi zimepitiwa, hasa majaribio ya kuingia yaliyoshindwa.
☐ Kila mwezi: nakala imerejeshwa na kuhesabiwa.
☐ Kila robo mwaka: sasisho dogo limewekwa, orodha ya `\du` imelinganishwa na majina ya watumishi waliopo.

Seva ikivamiwa

1. Itenganishe na mtandao, lakini usiizime wala kuisimika upya. Ushahidi uko kwenye logi na kwenye RAM.
2. Nakili logi za PostgreSQL na za mfumo kwenye chombo kingine.
3. Jenga seva mpya safi, urejeshe nakala iliyotangulia uvamizi. Seva iliyoshikwa haisafishiki kwa uhakika.
4. Badilisha nywila na funguo zote, zikiwemo za programu zilizounganishwa na seva hiyo.
5. Toa taarifa. Ofisi nyingi hukwama hapa kwa kuona aibu, ilhali watu ambao namba zao za simu na za vitambulisho zimechukuliwa ndio wenye haki ya kwanza ya kujikinga.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nchini Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2019, taasisi inapaswa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipojua kuwa taarifa zimevuja, na kampuni inayotunza taarifa hizo kwa niaba yake hupewa saa 48 kuijulisha taasisi.